Vinyama vya puani: vinaanzia wapi, na sainasi zinahusikaje?

Mtu akikaa na pua iliyoziba miezi mitatu au minne, kila anayemwona huwa na jina la ugonjwa wake. Mmoja atasema ni mafua sugu. Mwingine atasema ni aleji ya vumbi. Wa tatu, akisikia anavyokoroma usiku, atakata shauri: "Huyo ana nyama puani, aende akakatwe." Na wapo wanaokwenda kukatwa kweli, wengine hospitalini, wengine kwa mganga wa kijijini mwenye mkasi na dawa ya unga ya kunusa. Baada ya muda pua inaziba tena, na swali linabaki palepale: nyama zilitolewa, sasa zimerudije?

Jibu liko katika jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa. Kile kinyama kinachoonekana ndani ya tundu la pua mara nyingi hakikuanzia pale. Kimeanzia ndani zaidi, kwenye vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso, vinavyoitwa sainasi, au kwenye vijia vyembamba vinavyounganisha vyumba hivyo na pua. Ukivijua vyumba hivyo, utaelewa kwa nini kinyama huota, kwa nini hurudi, na kwa nini kukivuta bila kuona kilikoshikia ni hatari.

Jina moja, vitu vitatu

Kabla ya yote, tutenganishe mambo. Huku kwetu jina "nyama za puani" hubebeshwa vitu vitatu ambavyo si ndugu.

Cha kwanza ni tezi iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, ambayo madaktari huiita adenoidi. Kila mtoto huzaliwa nayo, na ni sehemu ya ulinzi wa mwili. Kwa baadhi ya watoto, hasa wenye umri wa kati ya miaka 2 na 7, tezi hii hukua kupita kiasi. Mtoto anakoroma, analala mdomo wazi, kamasi haziishi, na wakati mwingine masikio yanauma au hasikii vizuri. Wazazi huambiwa mtoto "ana nyama za puani". Hii ni tezi, na kwa kawaida husinyaa yenyewe mtoto anapokaribia kubalehe. Ikimzuia kupumua au kusikia, daktari anaweza kushauri itolewe.

Cha pili ni matuta ya nyama yaliyo kwenye kuta za pembeni za pua. Kila binadamu anayo, matatu kila upande, moja juu ya jingine. Kazi yake ni kupasha hewa joto, kuitia unyevu na kuichuja kabla haijafika mapafuni. Mtu akiwa na aleji au mafua, tuta la chini huvimba na kuwa jekundu au la rangi ya waridi. Anayejitazama kwenye kioo kwa tochi ya simu huliona na kuogopa, akidhani ameota kitu. Hajaota kitu. Hicho ni kiungo chake cha siku zote, kimevimba tu.

Cha tatu ndicho tunachokizungumzia leo, vinyama vya puani vyenyewe, ambavyo hospitalini huitwa polipu. Hivi ni laini, vina unyevunyevu na vinang'aa kidogo, rangi yake ni kijivu au njano iliyofifia, na umbo lake hufanana na zabibu iliyoning'inia kwenye kikonyo. Tofauti kubwa na tuta la pua ni hii: tuta ukiligusa linauma, lakini kinyama hakina hisia za maumivu. Pia polipu ni ugonjwa wa watu wazima zaidi kuliko watoto. Mara nyingi hujitokeza baada ya umri wa miaka 20, na huonekana zaidi kwa waliovuka 40. Makadirio yanayotumiwa na madaktari wengi ni kwamba katika kila watu 100, kati ya mtu 1 na 4 wanavyo.

Vinyama hivi si saratani, na haviambukizi. Huwezi kuvipata kwa kulala chumba kimoja na mgonjwa wala kutumia kikombe chake.

Vyumba vya hewa ndani ya uso

Sasa tuingie ndani ya uso. Mifupa ya kichwa haikujaa kama jiwe. Kuizunguka pua kuna vyumba vyenye hewa, jozi nne, kulia na kushoto.

Jozi ya kwanza iko ndani ya mashavu, chini ya macho. Hivi ndivyo vyumba vikubwa kuliko vyote. Jozi ya pili iko kwenye paji la uso, juu ya nyusi. Mtoto mchanga hajawa nayo, huumbika taratibu anavyokua. Jozi ya tatu iko katikati ya macho mawili, nyuma ya daraja la pua. Hii haina chumba kimoja kila upande, bali ni mkusanyiko wa vyumba vidogo vidogo vilivyopangana kama matundu ya sega la nyuki, kwa kawaida kati ya 3 na 18 kila upande. Jozi ya nne iko ndani kabisa, nyuma ya pua, karibu na chini ya ubongo.

Vyumba vyote hivi vimetandikwa utando laini uleule uliomo puani. Utando huo hutengeneza kamasi. Watu huona kamasi kuwa uchafu, lakini ndizo zinazonasa vumbi, moshi, chavua ya maua na vijidudu. Pua na sainasi za mtu mzima mwenye afya hutengeneza kiasi kinachokadiriwa kufikia karibu lita 1 kwa siku. Hatuoni kwa sababu juu ya utando kuna vinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupigapiga bila kupumzika na kuzisukuma kamasi kuelekea kooni. Tunazimeza bila kujua.

Kila chumba kina tundu lake la kutolea kamasi kwenda puani, na matundu hayo ni membamba sana. Chumba cha shavuni kina shida ya pekee. Tundu lake haliko sakafuni, liko juu, karibu na dari. Ni kama tangi la maji ambalo bomba la kutolea limefungwa juu badala ya chini. Kamasi haziwezi kutoka kwa kumwagika tu, lazima zipandishwe na vile vinywele. Vinywele vikichoka au tundu likivimba, kamasi zinatuama.

Jambo la kukumbuka ni kwamba chumba cha shavuni, cha paji la uso na baadhi ya vile vidogo vya katikati ya macho vyote hutolea kamasi mahali pamoja: kwenye upenyo mwembamba ulioko chini ya tuta la katikati la pua. Hapo ndipo njia panda. Pakiziba hapo, vyumba kadhaa vinakwama kwa mpigo.

Basi kinyama huanzia wapi?

Vinyama vingi huanzia hapohapo kwenye njia panda, na kwenye vile vyumba vidogo vya katikati ya macho. Ni sehemu finyu, kuta zake zinakaribiana, na utando wa upande mmoja ukivimba kidogo tu hugusana na wa upande wa pili.

Utando ukikaa umevimba wiki baada ya wiki, hujaa maji ndani yake, kama sifongo iliyoachwa kwenye beseni. Ukishakuwa mzito, hulegea na kuanza kuning'inia. Uzito unauvuta chini, maji yanazidi kujikusanya, na kile kilichokuwa utando bapa kinakuwa kifuko chenye shina. Kikiendelea kukua hutokeza kupitia ule upenyo na kushuka kwenye uwazi wa pua. Siku unapokiona kwenye kioo, ujue kwamba kimesafiri. Shina lake liko juu na ndani, mahali ambapo tochi ya simu haifiki.

Vinyama vya aina hii mara nyingi huwa vingi, na huota pande zote mbili za pua.

Iko aina nyingine ambayo ina safari yake. Hii huanzia ndani ya chumba cha shavuni, hutoka kupitia tundu lake, halafu badala ya kuja mbele huelekea nyuma, kwenye mlango unaoungana na koo. Kwa kawaida ni kimoja tu, kiko upande mmoja, na huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana. Kikikua sana, mgonjwa akifungua mdomo kinaweza kuonekana kikining'inia nyuma ya kimio. Kinyama cha aina hii kikikatwa sehemu inayoonekana tu, na shina likaachwa ndani ya shavu, hurudi.

Kati ya sainasi na vinyama, kipi huanza?

Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba vinazungukana. Kwanza utando wa pua na sainasi huvimba kwa muda mrefu. Uvimbe huo huzaa vinyama. Vinyama vikishaota huziba matundu ya sainasi. Kamasi zinatuama, bakteria wanapata pa kuzaliana, na utando unazidi kuvimba. Uvimbe ukizidi, vinyama vinakua. Ndiyo maana kuondoa kinyama bila kutibu utando ni kama kufyeka magugu juu na kuacha mizizi ardhini: mvua ikinyesha, yanachipua.

Na utando huvimba kwa nini? Hakuna chanzo kimoja. Kwa wagonjwa wengi, chembe fulani za damu zinazohusika na ulinzi wa mwili hujikusanya kwenye utando na kukaa humo, zikiendelea kupigana hata pale ambapo hakuna adui wa kupigana naye. Chembe hizo ndizo pia zinazopatikana kwenye mirija ya hewa ya watu wengi wenye pumu. Ndiyo sababu vinyama vya puani na pumu hutembea pamoja mara nyingi: njia ya hewa ni moja kuanzia puani hadi mapafuni. Mtu mwenye pumu isiyotulia ambaye pia haisikii harufu, apimwe pua. Na mwenye vinyama anayebanwa kifua usiku, apimwe pumu.

Wapo pia watu wachache wenye mambo matatu kwa pamoja: vinyama vya puani, pumu, na mwili usiopatana na aspirini. Hawa wakimeza aspirini, au dawa za maumivu za jamii hiyo kama ibuprofeni na diklofenaki, hubanwa pumzi ndani ya saa chache, na wakati mwingine kwa hatari. Kama iliwahi kukutokea, mwambie kila mhudumu anayekuandikia dawa, na kila muuzaji wa duka la dawa, kabla hajakupa kitu.

Aleji, ukungu unaoota ndani ya sainasi na maambukizi yanayojirudia navyo huchangia. Moshi wa kuni na wa sigara, pamoja na vumbi la kupepeta au kukoboa nafaka, huukera utando uliokwisha kuvimba. Mtoto mdogo akikutwa na polipu za kweli, daktari atatafuta ugonjwa uliojificha, kwa mfano ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mwili kuwa mzito kupita kawaida.

Kwa upande mwingine, kinyama hakitokani na kulogwa, wala kuchokonoa pua, wala kula nyama nyingi.

Dalili zake

Vinyama vidogo vinaweza visioneshe dalili. Vikikua, mgonjwa huona haya:

- pua kuziba pande zote mbili, na kutofunguka hata mafua yanapopona;
- kutosikia harufu, au kuisikia kwa mbali, na chakula kupoteza ladha;
- kamasi za kila siku, zinazotoka mbele au kushuka kooni na kumfanya akohoe kila mara;
- uzito usoni, kwenye mashavu, paji la uso au katikati ya macho;
- kukoroma, kulala mdomo wazi na kuamka koo limekauka;
- sauti ya mtu mwenye mafua asiyepona.

Dalili kama hizi zikikaa wiki 12 au zaidi, madaktari huhesabu ugonjwa wa sainasi kuwa umekuwa sugu. Mafua ya kawaida hayakai hivyo.

Kutosikia harufu watu hulichukulia kama jambo dogo. Si dogo. Asiyesikia harufu hajui kama mboga imechacha, kama gesi ya kupikia inavuja, au kama kuna kitu kinaungua chumba cha pili. Kama kwenu kuna mgonjwa wa namna hii na mnatumia mtungi wa gesi, asiachwe peke yake kuwa mlinzi wa jiko.

Pale ambapo si kinyama cha kawaida

Hapa tunaomba usome polepole, kwa sababu ndipo makosa yenye gharama kubwa yanapotokea. Si kila kinachoziba pua ni polipu. Kanuni ni rahisi: polipu za kawaida huwa pande zote mbili, haziumi, na hazitoki damu ovyo. Kinachoenda kinyume cha hapo kipelekwe hospitali mapema.

Mtoto anayetokwa na usaha wenye harufu mbaya tundu moja tu la pua mara nyingi ameingiza kitu: punje ya mahindi, harage, ushanga, kipande cha sifongo. Usikichokonoe kwa kijiti, utakisukuma ndani zaidi. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya vitu vya kuchezea, ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu huunguza nyama za pua.

Mtu mzima mwenye usaha unaonuka upande mmoja, na anasikia uzito shavu la upande huohuo, aangaliwe pia meno. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na sakafu ya chumba cha shavuni, na jino lililooza linaweza kupitisha maambukizi juu. Hapo hata pua ikitibiwa namna gani, haitapona mpaka jino litibiwe.

Kijana wa kiume wa umri wa kubalehe mwenye pua iliyoziba upande mmoja na anayetokwa damu nyingi mara kwa mara, asikatwe kitu na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha. Upo uvimbe wa mishipa ya damu unaowapata vijana wa umri huo. Si saratani, lakini ukiguswa kwa mkasi unaweza kumwaga damu isiyozuilika kirahisi.

Mtoto mchanga mwenye kitu puani pia asiguswe. Wapo wachache wanaozaliwa na upenyo kwenye mfupa wa chini ya ubongo, na kinachoonekana puani ni sehemu iliyoshuka kutoka ndani ya kichwa.

Kwa mtu mzima, kuziba kwa upande mmoja pamoja na damu, ganzi ya shavu, meno ya juu kulegea bila sababu, au uvimbe shingoni usiouma ambao hauondoki, kunahitaji uchunguzi wa haraka, kwa sababu saratani za pua na za nyuma ya pua huweza kuanza hivyo.

Na mtu mwenye sainasi akivimba jicho, akianza kuona vitu viwili viwili, akipata homa kali na kichwa kinachouma kupita kawaida, au shingo ikakakamaa, asisubiri asubuhi. Maambukizi yanaweza kuwa yametoka kwenye sainasi na kuelekea kwenye jicho au ubongo.

Matibabu: huanza na dawa, si mkasi

Kwa kuwa chanzo ni utando uliovimba, matibabu ya kwanza ni kuutuliza. Dawa inayotumika zaidi ni steroidi ya kupuliza puani. Neno steroidi huwatisha watu, lakini kiasi kinachoingia mwilini kwa kupuliza puani ni kidogo sana kikilinganishwa na vidonge. Dawa hii haifungui pua papo hapo. Hutumika kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo vinyama husinyaa. Wengi huiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi, na hapo ndipo wanapojidhulumu.

Namna ya kupuliza nayo ina maana. Penga kamasi kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, kana kwamba unatazama vidole vya miguu. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Hivyo dawa itaelekea pembeni, upande wa sikio, ambako ndiko kwenye vijia vya sainasi, badala ya kuupiga ukuta wa kati wa pua na kuutoa damu. Vuta hewa polepole. Ukiivuta kwa nguvu, dawa itaishia kooni.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia sana, na hakuhitaji fedha nyingi. Chemsha nusu lita ya maji safi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa bila kilima. Inama juu ya beseni, pumua kwa mdomo, na kwa bomba safi la sindano lisilo na sindano, sukuma maji taratibu tundu moja, yatokee jingine au mdomoni. Maji lazima yawe yamechemshwa. Maji ya kisima, ya mto au ya bomba ambayo hayakuchemshwa yasiingizwe puani kwa njia hii, kwani yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lingevistahimili lakini pua haivistahimili. Osha kwanza, kisha puliza dawa.

Daktari anaweza pia kuandika vidonge vya steroidi kwa siku chache, pale vinyama vinapokuwa vikubwa. Hivi havinunuliwi kiholela. Mwenye kisukari, presha, vidonda vya tumbo au ujauzito lazima aseme kabla ya kupewa. Dawa za kuua bakteria hazisinyazi vinyama. Hutolewa tu pale penye maambukizi.

Tuseme neno kuhusu matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani. Yanafungua pua ndani ya dakika chache, na ndiyo maana yanapendwa. Lakini ukiyatumia zaidi ya siku tano hivi mfululizo, pua huyazoea: dawa ikiisha nguvu, utando unavimba kuliko mwanzo, unaweka tena, unavimba tena. Wapo watu ambao ugonjwa wao wa leo ni matone yenyewe.

Upasuaji hufanyikaje, na kwa nini vinyama hurudi?

Dawa zisiposaidia, unakuja upasuaji. Siku hizi hufanywa kupitia matundu ya pua kwa kamera nyembamba, mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi, bila kuchana uso. Njia hii ilienea duniani kuanzia miaka ya 1980, na ilitokana na kazi ya madaktari wa Graz, nchini Austria, walioonesha kwamba ukifungua zile njia panda za sainasi, vyumba vyenyewe hupona.

Kabla ya hapo hupigwa picha ya CT skani, na sababu yake ni ya msingi. Ukuta unaotenganisha vile vyumba vidogo na jicho ni mwembamba kiasi kwamba wataalamu wa mwili wa binadamu waliuita kwa Kilatini bamba la karatasi. Juu yake kuna mfupa mwembamba, na juu ya mfupa huo kuna ubongo. Daktari anaitumia picha kama ramani. Mtu anayeingiza mkasi au waya kwa kubahatisha hana ramani, na umbali kati ya kinyama na jicho ni wa milimita chache.

Kuvivuta vinyama ni mbinu ya zamani sana. Katika maandishi ya Kigiriki yenye jina la Hippocrates, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, imeelezwa namna ya kufunga sifongo kwa uzi na kuuvuta kupitia puani hadi mdomoni ili sifongo ing'oe vinyama. Wagiriki ndio waliovipa jina polipu, maana yake chenye miguu mingi, kama pweza. Tangu enzi hizo ilijulikana pia kwamba hurudi.

Hurudi kwa sababu mkasi huondoa kinyama, hauondoi tabia ya utando kuvimba. Ndiyo maana baada ya upasuaji mgonjwa huendelea kuosha pua na kupuliza dawa, wengine kwa miaka. Kwa kweli, faida mojawapo kubwa ya upasuaji ni kufungua njia ili dawa ifike ilikokuwa haifiki. Anayeacha dawa wiki ya pili kwa kuwa anapumua vizuri yuko katika hatari kubwa ya kurudi alikotoka. Zipo pia sindano mpya zinazozuia ule uvimbe kutoka ndani ya damu; Marekani iliruhusu ya kwanza kwa ugonjwa huu mwaka 2019. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi.

Ukienda hospitali, sema haya

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, lakini usiishie kupewa dawa za mafua kila mwezi. Kama umemaliza wiki 12, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa Tanzania, huduma hiyo ipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mojawapo. Kama una bima, uliza mapema kama inagharamia CT skani.

Mweleze daktari mambo sita: pua imeziba tangu lini, ni upande mmoja au zote mbili, unasikia harufu au husikii, damu hutoka au haitoki, una pumu au huna, na ni dawa gani ya maumivu iliyowahi kukubana kifua. Mambo hayo sita humwambia mengi kabla hata hajawasha taa yake.

Na mtu akikwambia "una nyama puani, nikukate", muulize swali moja tu: zimeanzia wapi? Kama hawezi kukujibu, asiguse pua yako.